Ijara ya Vyumba na Maji ya Mlima wa Gatsata

Msafiri atokaye katika kituo cha mabasi cha Nyabugogo akashika njia ya kaskazini, ile iendayo Byumba na mpaka wa Uganda pale Gatuna, hupita kwanza baina ya gereji na maduka ya vipuri, mahali ambapo harufu ya oili na ya chuma kilichochomelewa humlaki kabla hajasoma kibao chochote. Na akiinua macho juu ya mabati ya gereji hizo ataona mlima mzima umevikwa nyumba ndogo ndogo zilizopandana, uwanja wa mbele wa hii ukiwa sawa na paa la ile iliyo chini yake. Hiyo ndiyo Gatsata, umurenge mmojawapo wa Wilaya ya Gasabo katika Jiji la Kigali, ambapo Kiswahili kilikuwa lugha ya mafundi na madereva muda mrefu kabla Bunge halijakifanya kuwa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017. Katika mlima huo nimekaa miaka mingi, na katika mlima huo niliingia kazi ya kupangisha vyumba, nikiwa na akiba ya maisha yangu yote mkononi na maarifa ya kazi yenyewe haba.

Nayaandika haya kwa sababu haupiti mwezi nisimsikie mtu mwema, mwalimu, muuguzi, au kijana aliyerudi na fedha zake kutoka Ghuba, akisema kwamba atanunua kiwanja kidogo Gatsata, ajenge vyumba vinne mstari mmoja, avipangishe, kisha apumzike. Hoja yake si ya kubeza. Katika sensa ya mwaka 2012 Jiji la Kigali lilikuwa na watu zaidi ya 1,130,000. Katika sensa ya mwaka 2022 walihesabiwa 1,745,555, na kati yao 879,505 walikuwa wakazi wa Gasabo peke yake. Mji ulioongeza watu zaidi ya 600,000 katika muda wa miaka kumi hauwezi kukosa wapangaji, hasa mahali kama petu ambapo mtu hutoka chumbani alfajiri akafika gerejini au sokoni kwa miguu bila kutoa nauli. Wapangaji wapo, na watazidi kuwapo. Lakini yule mwanzilishi, akiisha kuhesabu wapangaji na kuzidisha ijara yao mara kumi na mbili, huifunga daftari yake akidhani hesabu imekwisha, hali mlima wenyewe hajauhesabu hata kidogo. Na mimi naamini kwamba wengi wa wenye nyumba wapya wanaoanguka Gatsata huangushwa na sehemu hiyo ya hesabu iliyoachwa, ingawa wao husingizia wapangaji.

Na tuanze na fedha, kwa kuwa ndizo zinazotangulia katika mazungumzo yote. Lugha yetu huita kwa neno moja, kodi, fedha anayotoa mpangaji na fedha inayodaiwa na serikali, na naona katika umoja wa neno hilo mna onyo ambalo mwenye nyumba mpya hulisikia akiwa amechelewa. Tuseme ana vyumba vinne, kila kimoja faranga 40,000 kwa mwezi. Mapato yake ya mwaka, ikiwa hapana chumba kilichokaa kitupu hata siku moja, ni faranga 1,920,000. Sheria ya mwaka 2018 juu ya mapato ya mamlaka za wilaya iliweka kanuni kwamba nusu ya ijara huondolewa kwanza kwa ajili ya matengenezo ya nyumba. Kwa kanuni hiyo, katika nusu inayobaki faranga 180,000 za mwanzo hazitozwi kitu, na zinazofuata hata kufikia milioni moja hutozwa asilimia 20. Basi mtu wetu atadaiwa faranga 156,000, ambazo ni karibu sawa na ijara ya mwezi mmoja mzima wa vyumba vyote vinne, na anapaswa kuzitangaza kwa Mamlaka ya Mapato ya Rwanda kabla Januari haijamalizika. Sioni dhuluma katika kanuni hiyo. Nusu ile iliyoondolewa kwa ajili ya matengenezo ni ukumbusho wa haki kutoka kwa mtunga sheria, kwamba nyumba ya kupangisha hula. Balaa ni kwamba mwanzilishi huifurahia nusu hiyo siku ya kutangaza kodi, kisha asiitumie kwa jambo lililokusudiwa, akaila yeye.

Hali huwa nzito zaidi kwa aliyejenga kwa mkopo. Riba za mabenki yetu kwa miaka mingi zimekuwa zikizunguka asilimia 16 na 17 kwa mwaka. Aliyekopa faranga 6,000,000 kwa riba ya asilimia 17, alipe kwa miaka mitano, atatoa karibu faranga 149,000 kila mwezi. Na vyumba vyake vinne, vikiwa vimejaa vyote na kila mpangaji akilipa siku yake, vinampa 160,000. Kinachobaki ni faranga 11,000, ambazo hazinunui hata mifuko miwili ya saruji. Chumba kimoja kikikaa kitupu mwezi mmoja, mwenye nyumba hulipa benki kutoka katika mshahara wake au katika kikapu cha mkewe. Ni kweli kwamba sheria ile ile ilimfikiria mkopaji, ikamwondolea asilimia 30 ya ijara pamoja na riba aliyolipa, hata kodi ya serikali ya mwaka wake wa kwanza ikashuka karibu na robo ya ile niliyoitaja. Lakini faraja hiyo huja mara moja kwa mwaka, na benki huja kila mwezi. Nimewaona watu wakitoka katika SACCO ya umurenge na uso uliosawijika, na nyumba zao ziko juu ya mlima zimepakwa rangi nzuri. Ushauri wangu kwa mtu wa akiba ndogo, nao utaonekana wa kizee, ni kwamba ajenge chumba kimoja au viwili kwa fedha yake na ya ikimina, chama cha kuwekeana akiba, ashinde navyo mwaka mzima wa mvua na kiangazi, ndipo afikirie cha tatu.

Sasa nitasimulia lililonipata mwenyewe, kwa kuwa somo nililopata sikulipata katika hesabu.

Vyumba vyangu vya kwanza vilikuwa vinne, vya matofali mabichi ya udongo, yale tuyaitayo rukarakara, juu ya msingi wa mawe, na nje na ndani vimepigwa plasta ya saruji. Ili nipate nafasi ya chumba cha nne tuliukata mlima kwa nyuma, tukausimamisha ukuta wa chumba hicho ukigusana na udongo uliokatwa, jambo ambalo fundi wangu aliniambia kwa sauti ya chini kwamba si zuri, nami kwa sauti ya juu nikamwambia aendelee. Katika chumba hicho aliingia fundi wa breki, kijana mpole, na mkewe na mtoto mchanga. Alilipa miezi mitano bila kukumbushwa. Katika mwezi wake wa sita alilipa nusu, wa saba hakulipa, na usiku mmoja wa mwezi wa Aprili aliondoka na jamaa yake, akaniachia kitanda cha mbao na ufunguo juu ya kizingiti cha dirisha. Nilisema maneno mabaya juu yake mbele za majirani. Nilisema kwamba watu wa gereji hawana amana, na maneno hayo yalienea upesi katika umudugudu wetu, mtaa wetu mdogo.

Juma lile lile nilimpangisha mama mmoja mwuza mboga, mjane. Hazikupita siku kumi akanipigia simu usiku, mvua ikinyesha, akisema, “Mzee, njoo utazame mwenyewe.” Nilikwenda na tochi. Nilidhani nitaona bati linavuja, nikaangaza darini, na dari ilikuwa kavu. Maji yalikuwa yakitoka katika ukuta wenyewe, kwenye kimo cha goti, yakiisukuma rangi hata ikavimba malengelenge. Nilipobonyeza lengelenge moja kwa kidole gumba, likapasuka, likatoa tope laini la rangi ya maziwa na chai. Tulisogeza kitanda. Nyuma yake ukutani palikuwa na mistari mitatu ya maji ya zamani, mmoja juu ya mwingine, alama ya mvua tatu zilizopita, na kando ya kila mstari vilikuwa vimebandikwa vipande vya mpira wa ndani wa gurudumu, vimekatwa sawasawa kwa mkono wa mtu ajuaye kukata mpira, vimegongomewa kwa vijiti vyembamba na misumari midogo. Yule fundi wa breki alikuwa amepigana na mlima wangu kwa kifaa cha kazi yake, chumbani mwa watu wengine, kwa miezi ambayo mimi nilikuwa nikipokea ijara mlangoni na kurudi.

Nilimtafuta. Nilimkuta chini ya Hiace, akajivuta akatoka, akafuta mikono kwa kitambaa asinipe mkono kwa sababu ya grisi. “Mzee,” alisema, “mimi sikukukimbia wewe. Mtoto alikuwa anakohoa. Niliyakimbia maji.” Nikamwuliza kwa nini hakuniambia. Akanijibu kwa adabu kwamba aliniambia mara mbili, na mara zote mbili nilimwagiza afungue dirisha ili chumba kikauke. Nikakumbuka. Ilikuwa kweli, na nilikuwa nimesahau kama mtu asahauvyo neno lisilomgharimu. Kitanda chake nilimrudishia siku ile ile, na deni sikulitaja tena.

Tangu hapo nimekuwa nikiwatazama wenye nyumba wapya kwa jicho jingine, na nimeona kwamba upungufu uliokuwa wangu ni wa wengi. Wazee wetu wa pwani, katika zile nyumba za Kiswahili za Kariakoo ya Dar es Salaam na Majengo ya Mombasa, zenye ukumbi katikati na vyumba huku na huku, aghalabu walikaa chini ya paa moja na wapangaji wao. Mwenye nyumba alikuwa na chumba cha mbele, na mvua ikivuja ilimvujia naye, choo kikijaa alikinusa naye. Hakuhitaji kupigiwa simu. Mwenye nyumba wa leo hukaa Kimironko au Kanombe, au hukaa Maskati, na chumba chake cha Gatsata hukijua kwa ujumbe wa fedha unaoingia katika simu. Ujumbe huo humwambia kwamba mpangaji yuko, haumwambii kwamba ukuta unakunywa maji. Kwa ajili hiyo nasema wazi kwamba mtu asiyeweza kufika katika vyumba vyake mvua ikinyesha, au asiye na ndugu mwaminifu wa kufika kwa niaba yake, asinunue mlimani. Anunue popote palipo tambarare, hata kama bei ni kubwa na ijara ni ndogo.

Mlima una jambo jingine lililo kubwa kuliko unyevu wa kuta. Mwezi wa Desemba mwaka 2019 Jiji la Kigali lilianza kwa nguvu kubomoa nyumba zilizokuwa katika mabonde ya maji na katika miteremko ya hatari, na wengi katika waliohamishwa walikuwa wapangaji, watu ambao hawakuchagua mahali pa kujenga. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei mwaka 2023 mafuriko na maporomoko ya udongo yaliua watu zaidi ya 130, walio wengi katika majimbo ya Magharibi na Kaskazini, na baada ya msiba ule uangalizi juu ya miteremko ya Kigali ukazidi kuwa mkali. Sisi tukaao baina ya mto Nyabugogo kwa chini na kilele cha mlima kwa juu tunaelewa sababu yake. Nyumba ya chini hutishwa na bonde, nyumba ya juu hutishwa na mteremko, na nafasi ya salama iliyo katikati ni nyembamba kuliko madalali wanavyoiuza.

Na hapa ndipo mwanzilishi anapodhulumiwa, mara nyingi bila mtu kumdanganya kwa neno hata moja. Rwanda iliandikisha ardhi yake yote baina ya mwaka 2009 na 2013, vipande zaidi ya milioni kumi, kila kimoja na namba yake, kazi ambayo nchi nyingi za Afrika bado zinaitamani. Na namba hiyo, UPI, ukiiingiza katika ramani ya mpango mkuu wa Jiji, ule uliorekebishwa mwaka 2020, itakuonyesha kiwanja chako kimewekwa katika eneo la matumizi gani. Maarifa yapo, wala hayalipiwi. Lakini komisiyoneri, kama tunavyomwita dalali hapa Kigali, humwonyesha mnunuzi kiwanja saa nne asubuhi, jua likiwaka, akamwonyesha na hati, na hati ni ya kweli, na mwenye kuuza ni mwenyewe, na mkewe yupo ametia saini. Mnunuzi akaona kwamba kila kitu ni halali akashukuru. Uhalali wa hati na uimara wa udongo ni mambo mawili. Hati husema ardhi hii ni ya nani. Haisemi maji ya jirani wa juu hupita wapi.

Ndiyo maana nathubutu kuwaomba wakuu wa Gasabo na wa Jiji jambo moja. Mauziano ya ardhi hupita mbele ya mthibitishaji wa ardhi, na huko hutazamwa kitambulisho, ndoa, kodi na mipaka. Nataka pale pale, kabla ya saini, mnunuzi asomewe kwa sauti hali ya mteremko na eneo la kiwanja katika mpango mkuu, atie saini kwamba amesikia. Haitachukua dakika kumi. Kumbomolea mtu nyumba aliyoijenga kwa mkopo wa miaka mitano ni haki ya serikali pale uhai unapohatarishwa, nami siipingi hata kidogo. Lakini yeye angejua mapema, asingekopa, na wapangaji wake wanne wasingelala nje na watoto siku ya kubomolewa. Haidhuru sana kama biashara ya baadhi ya madalali itapoa.

Kibali cha kujenga nacho nitakitaja kwa ufupi, kwa kuwa kila mtu anakijua na wengi hukikwepa. Chumba cha nyongeza nyuma ya nyumba kubwa, kilichoinuliwa siku za mapumziko ili macho ya viongozi yasikione, si mali. Ni fedha iliyowekwa mahali ambapo amri moja ya asubuhi yaweza kuiondoa, na mpangaji wake hana pa kudai.

Kuna na zile taabu ndogo za kila siku, ambazo hakuna azitajaye katika mazungumzo ya uwekezaji. Mita ya umeme wa kulipia kabla, tuiitayo kashipawa, ikiwa moja kwa vyumba vinne, itazua ugomvi usiokwisha baina ya mwenye pasi na mwenye taa moja. Mita ya maji ya WASAC ikiwa moja, ankara ikija kubwa, kila mmoja husema kwamba yeye hufua Jumamosi tu. Kuna fedha ya takataka, kuna fedha ya ulinzi wa usiku wa irondo, na isipoandikwa tangu mwanzo ni nani alipaye, basi italipwa na aliye mnyonge zaidi. Choo cha shimo kikijaa katika kiwanja chembamba kisichofikiwa na gari, kukitapisha ni gharama ambayo mwanzilishi hakupata kuiota. Mimi nimeweka mita ndogo katika kila chumba, na ugomvi umepungua, ila kwa maji bado.

Juu ya wapangaji nina neno refu kidogo. Husemwa kwamba mwenye nyumba mpya ajilinde nao, adai ijara ya miezi mitatu mbele, awe mkali, afunge kufuli lake mlangoni siku ya kwanza ya kuchelewa. Nimeyaona hayo yakitendwa katika mtaa wetu, na nayaona kuwa ni dhuluma isiyo na faida. Mtu wa gereji hupata riziki yake kwa siku, na tajiri wake ni barabara. Mpaka wa Gatuna ulipofungwa mwezi wa Februari mwaka 2019 usifunguliwe tena kwa kudumu hata tarehe 31 Januari mwaka 2022, malori ya njia yetu yalipungua, na katikati ya muda huo, tarehe 21 Machi mwaka 2020, nchi nzima ikafungwa kwa ajili ya ugonjwa wa korona. Fundi ambaye hana gari la kutengeneza hatapata cha kulipa kwa kufungiwa kufuli. Wenye nyumba waliowatimua watu katika siku zile walikaa na vyumba vitupu miezi mingi, kwa maana hapakuwa na wa kuingia. Na waliowasikiliza, wakapokea nusu au robo, wakaandika kilichobaki, wengi wao walilipwa polepole mpaka ufunguzi ulipofika. Sisemi kwamba wema hulipwa daima. Wapo walioondoka na deni la mwaka mzima, na hasara hiyo ni ya kweli, na mjane mwenye vyumba viwili hastahili kuibeba peke yake. Nasema tu kwamba ijara ya mtu wa riziki ya siku yafaa ipokelewe kwa juma ikiwa mwezi unamshinda, na kwamba mkataba uandikwe, hata ukiwa ukurasa mmoja wa daftari, kwa lugha ambayo wote wawili wanaisoma, uonyeshe kiasi, tarehe, muda wa taarifa kabla ya kuhama, na, hili ndilo linalosahauliwa, muda ambao mwenye nyumba atatengeneza kilichoharibika baada ya kuambiwa. Katika mikataba mingi niliyoiona mpangaji ana wajibu saba na mwenye nyumba ana wajibu wa kupokea fedha. Mkataba wa namna hiyo haumlindi mwenye nyumba vile adhaniavyo, kwani siku wakifika mbele ya abunzi, wapatanishi wa mtaa, kutafuta sulhu, wazee wale watauliza swali ambalo karatasi haikujibu.

Ningekuwa na mkataba wenye sharti lile la matengenezo, yule kijana wa breki angekuwa na neno la kunishika nalo, nami ningeingia chumbani mwake kabla ya mistari mitatu.

Chumba cha nne nilikibomoa kiangazi kilichofuata. Mahali pake nilijenga ukuta wa mawe wa kuuzuia udongo, wenye matundu ya kutolea maji kwa chini, na nyuma yake mtaro wa saruji. Nikatia milizamu katika mapaa yote ili maji yasianguke tena katika misingi. Kazi hiyo ilikula ijara yangu ya miezi minane. Nimebaki na vyumba vitatu, na mjane mwuza mboga yumo katika cha tatu hata leo. Mvua ikija usiku nalisikia bati, kisha nausikia mtaro ukianza kuimba, na mara nyingi huinuka nikaenda kutazama kwa tochi, hata pale ambapo sina sababu.

Ila mtaro wangu unaishia katika mpaka wa kiwanja changu, na chini yangu kuna nyumba ya mama mmoja mwenye watoto watano, ambaye zamani alipokea maji yangu yakiwa yametawanyika, na sasa anayapokea yakiwa pamoja, kwa nguvu. Amekuja kwangu mara mbili. Kuyafikisha maji hayo katika mfereji wa barabara kunahitaji mita ishirini na mbili za mtaro kupita ndani ya viwanja viwili, na mwenye kiwanja cha pili anakaa mbali wala hajibu simu. Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu, umuganda, kazi yetu ya pamoja, ukiisha, tumekubaliana kukutana pale mpakani na kiongozi wa umudugudu, nami nitakwenda na kamba ya kupimia na fedha ya mifuko sita ya saruji.